Kidogo cha Mama

Katika nyumba ya kinyozi hapakuwa na mtu aliyewahi kuumwa. Baba yake alikata roho akisema hajambo. Mkewe alijifungua kifungua mimba baada ya kutangaza kwamba tumbo "linavuta kidogo tu." Na mama yake kinyozi, ambaye figo zake zilikuwa zimekwisha kubwaga manyanga, akawa hana budi kupelekwa hospitali ya mbali kuchujwa damu kwa mashine, aliulizwa hali akajibu "mzima kama chuma," huku miguu imeumuka kama mikate. Kumtwisha mwenzako wasiwasi wako kulihesabiwa humo ndani kuwa utovu wa adabu, sawa na kupenga kamasi mezani.

Kwa hiyo gari lilipoanza kunywa oili, hakuna aliyesema neno.

Gari hilo waliliita Bikizee. Lililala mbele ya nyumba, kwenye mteremko, pua juu, mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu. Kila asubuhi kinyozi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakiona kikavu hadi karibu na ncha, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akamimina. Siku zilivyokwenda, moshi wa buluu ukazidi. Fundi mmoja alisikiliza injini akiwa bado anatafuna, akahukumu: ringi za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe, gari lilale gereji wiki nzima. Basi la kwenda hospitali lilipita alfajiri tu, na ngazi zake miguu ya mama ilikuwa haiziwezi tena. Gari likilala wiki, mama naye angelala, na huenda asiamke.

Kinyozi alimwambia mkewe kwamba fundi amesema gari ni zima kabisa.

Siku ya mashine ilipofika, hawajamaliza hata nusu ya safari, Bikizee likakohoa, likatetemeka, likajifunika wingu zito hata waliokuwa nyuma wakawasha taa mchana kweupe. Kinyozi alilisukuma, mkewe akishika usukani, mpaka kwenye gereji iliyokuwa kando ya barabara. Fundi wa hapo aliitwa Bado Kidogo, kwa kuwa ndilo jibu alilowapa wateja wote, hata waliouliza jina lake.

"Fundi, tafadhali. Mama anasubiriwa na mashine. Tukichelewa kiti anapewa mwingine."

Bado Kidogo alichungulia kiti cha nyuma. Mama alitabasamu, lakini pumzi yake ilipiga mluzi kama birika.

"Shikamoo, mama. Unajisikiaje?"

"Marahaba, baba. Mzima kama chuma."

Fundi alifungua boneti haraka. Akatoa plagi: zimelowa oili chapachapa. Kinyozi akafumba macho. "Niliambiwa ringi zimekwisha," akanong'ona. Fundi akapima mgandamizo wa silinda moja baada ya nyingine, na kila mara sindano ya kipimo ikapanda vizuri.

"Ringi nzima hizi. Aliyekwambia zimekwisha ana ugomvi na wewe?"

Kisha akachomoa kijiti. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, ikapanda mpaka karibu na mkono wake.

"Mbona mmeifanya injini pipa?"

"Haiwezekani," kinyozi alisema. "Asubuhi kilikuwa kikavu. Mimi mwenyewe nimeongeza."

"Mnapimia wapi?"

"Nyumbani. Pale mteremkoni."

"Pua juu?"

Kinyozi akaitikia kwa kichwa.

"Oili yote inakimbilia nyuma, kijiti kinabaki kinalamba hewa! Hapa ni sakafu sawa, kinasema kweli. Ikizidi, krenki inayozunguka ndani inaipiga kama mayai, inakuwa povu, inapanda kwenye bomba la kupumulia, inaungua pamoja na petroli. Unaona moshi, unaongeza tena. Lakini mtu mmoja hawezi kujaza hivi. Nani mwingine?"

Mkewe aliinamia viatu vyake. "Mimi... jioni, nikitoka kazini. Sikutaka kumtia presha."

Kutoka kiti cha nyuma mama akadakia:

"Na mie niliongeza. Kidogo tu. Ninyi mkiwa bado hamjaamka."

"Kidogo kiasi gani, mama?" fundi aliuliza.

"Kidogo cha mama."

Kinyozi alikijua kidogo cha mama. Ndicho alichopakuliwa utotoni, sahani ikafurika, akaambiwa amekonda. Alimwona akilini mzee huyo asiyeweza kuinua sufuria, amejikongoja hadi kwenye boneti na kikombe, akiogopa kwamba gari linakufa kwa ajili yake. Alitaka kucheka, akajikuta ameshika ukuta.

Bado Kidogo alikuwa tayari chini ya gari. Oili ya ziada ikamwagika beseni zima, kinyozi akilishika huku ikimtiririkia hadi viwikoni. Fundi akavuta bomba la kupumulia: limezibwa tope jeusi. Akaliosha kwa petroli, akalipuliza, akalirudisha, akafuta plagi, akapima upya.

"Bado kidogo?" kinyozi aliuliza, akikaribia kulia.

"Tayari. Moshi utaendelea mpaka bomba likauke, usiogope. Kapimieni mahali sawa, injini ikiwa imetulia. Na apime mmoja. Nendeni!"

Walikwenda. Moshi ulipungua ukawa uzi, lakini mluzi wa pumzi ulizidi. Mkewe aligeuka akamshika mama mkono, na hakuna aliyesema lolote, kwa mazoea.

Muuguzi aliwapokea mlangoni mwa chumba cha mashine. "Nilishaanza kumwita mwingine! Haya, kaa, bibi. Hali?"

Kinyozi alijua jibu. Hata muuguzi alilijua. Mkono wake ulikwisha kugeukia mashine.

Mama alimtazama mwanawe, aliyekuwa na mikono myeusi kwa oili hadi viwikoni.

"Mbaya," alisema. "Tangu juzi silali. Kifua kinabana. Naogopa."

Muuguzi aliacha mashine, akamwita daktari kwa sauti kubwa.