Soda Ilihama na Jina Lake

Uwanja ule, jamani, ulibadilishwa majina kama mtoto anavyobadilishwa nepi. Ulianza kuwa wa benki, ukawa wa rangi za nyumba, mwisho ukawa wa soda, kila kampuni iliyolipa ikiubandika jina lake. Mfagiaji wa majukwaa hakulalamika, maana kila jina jipya lilimpa mumewe, fundi wa kuchomelea, kibarua cha kushusha herufi za zamani.

Jioni hiyo fundi alikuwa akishusha za soda juu ya geti. Ngazi ikateleza. Mkewe alisikia kishindo, akatupa ufagio, akakimbia. Akamkuta chini, damu inamruka pajani kama bomba lililopasuka. Akavua kitambaa cha kichwani, akalikaza paja, akapiga simu hospitali.

"Njooni Uwanja wa Soda! Mume wangu anakufa!"

Wakasubiri wee. Kisha simu ikalia. Dereva wa gari la wagonjwa.

"Mama, niko getini, mbona sioni mtu?"

"Geti gani, mwanangu? Mimi niko hapa hapa getini!"

"Uwanja wa Soda. Jina hili hapa juu yangu, linawaka."

Hapo akakumbuka. Watu wa soda walikuwa wamehamia uwanja mpya, ng'ambo ya mji, na jina lao wakalibeba.

"Siyo huo! Njoo wa zamani!"

"Mama, mimi mgeni mji huu. Huo sasa unaitwaje?"

Jina jipya lilikuwa limelala kwenye nyasi, limefunikwa turubai mpaka wakubwa waje kulizindua. Akalifunua, akamsomea kwa kusitasita.

"Hilo silijui, mama."

"Basi tazama angani. Nawasha taa za uwanja. Fuata mwanga!"

Chumba cha taa kilikuwa upande wa pili. Mumewe akamkamata gauni.

"Usiniache, mke wangu."

"Nikikaa hapa nitakuzika."

Akambandua vidole kimoja kimoja, huku moyo unamchanika. Akakimbia, akapandisha swichi zote. Nje kukawa mchana.

"Nauona!" dereva alipaza sauti kwenye simu. "Nakuja!"

Aliporudi, fundi alikuwa anazikodolea taa, midomo imemkauka.

"Nani… kakuruhusu?"

"Kwani umeme ni wa babako? Nyamaza, mzee."

Fundi alitaka kucheka, akashindwa. King'ora kikasikika mbali, mbali mno. Mkewe akalilalia lile paja kwa uzito wake wote. Damu ilikuwa bado inapenya kitambaa, ya moto, na yeye akamshukuru Mungu kwa lile joto lake.