Koja Kabla ya Jua

Kabla ya alfajiri uzi wa mgomba ulisikika ukichanwa jikoni, chrrr, kisha kimya, kisha chrrr tena. Rakkammal alijua, hata kabla ya kufumbua macho, kwamba mumewe ameshafika. Veluchamy alikufa msimu wa mvua uliopita, lakini kazi ya maua haimngojei mtu, na kila siku alikuja kumsaidia kufunga makoja ya asumini mpaka jua lichomoze.

"Leo umelala kama bibi harusi," alisema Veluchamy.

"Na nyie huko hamlali?"

Mikono ya Veluchamy ilikuwa baridi, na hilo lilikuwa jambo jema. Asumini huchumwa ingali tumba na hufungwa kabla haijafunguka, na vidole vya moto huiharakisha. Tangu Veluchamy afe, wanawake wa Madurai walisema maua ya Rakkammal hukaa yamefumba mpaka jioni.

Kila alipomaliza kufunga alimchomekea mkewe kipande cha asumini nyweleni, kama zamani. Jua likitoka Rakkammal alikivua akampa mbuzi wa jirani, maana mjane havai maua.

Siku hiyo Poongodi, mjukuu aliyemlea, alikuwa anaolewa. Koja la harusi Rakkammal alilifunga mwenyewe, ila mjane haruhusiwi kumkabidhi bibi harusi. Sornam, shangazi wa bwana harusi, alikuwa amekuja kumweleza, na mkungu wa ndizi mkononi.

"Si mimi, dada. Ndivyo ilivyo. Utakaa nyuma, ila chakula utaletewa wa kwanza."

Mnajimu alikuwa amechagua saa ya ndoa kabla ya mapambazuko. Poongodi ndiye aliyekumbuka.

"Bibi, si babu huwa yupo saa hizo?"

Basi Veluchamy alibeba kikapu, na Rakkammal akamfuata na maua yake nyweleni. Mlangoni Sornam aliwatazama.

"Kaka Veluchamy. Umekula?"

"Nimeshaacha kula, shemeji."

Sornam akaenda kumuuliza kuhani. Kuhani alichungulia mashariki, akaona giza bado.

"Mume si huyo hapo? Mwacheni alete koja."

Rakkammal alisimama mbele ya watu wote. Poongodi aliinama sana, ili mikono ya bibi isipate shida.

"Usiyalilie maua, bibi. Machozi ya moto yatayafungua."

Rakkammal akacheka, na koja likakaa vizuri mabegani mwa Poongodi.

Punde jua liligusa dirisha, na Veluchamy akatoweka kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Sornam akamshika Rakkammal kiwiko, taratibu, kumpeleka kwenye viti vya nyuma. Rakkammal aliyavua maua mwenyewe njiani, Sornam asije akalazimika kumwambia.

Huko nyuma alikaa bibi yake bwana harusi, nywele bila ua, mjane tangu ujana. Rakkammal akamwekea kile kipande cha asumini kiganjani. Bibi yule alikinusa, akakificha ndani ya sari, kisha akasogeza kiti karibu.

"Huyo wako kesho atakuja?"

"Huja kila siku."

"Mwambie anitafutie wangu huko. Jina siwezi kulitaja, mke hataji jina la mumewe, ila alikuwa fundi baiskeli na anachechemea. Alinijia siku moja gizani, nikadhani mwizi, nikampiga ufagio. Mwambie ufagio nimeshautoa nje. Aje tena."