Mstari wa Njia ya Ndani

Kwenye meli, kupanga njia ni kazi ya afisa wa pili. Wa meli hii alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mkavu wa macho, ambaye mabaharia walimbatiza Mama Rula kabla hajamaliza wiki. Alikuwa kwenye majaribio. Safari hii ikiisha, nahodha angeandika barua kwa wenye meli: abaki, au ateremke na sanduku lake. Na alichotaka nahodha kilijulikana.

"Njia ya ndani," alikuwa amemwambia. "Mstari uko palepale siku zote. Chora, nitie sahihi, twende."

Mstari kweli ulikuwa na pake. Ulipita kati ya kisiwa na miamba, ukaokoa saa tatu. Kila safari ulichorwa kwa penseli, meli ikifika ukafutwa kwa raba, safari ijayo ukachorwa tena palepale. Miaka tisa ya mchezo huo, mpaka karatasi ikalainika na kuota manyoya kama shuka kuukuu.

Mama Rula hakukimbilia penseli. Alianza na kona ya chini ya ramani, kushoto, kwenye orodha ya masahihisho. Bahari haikai kimya: boya linahamishwa, meli inazama, fungu la mawe linagunduliwa chini ya maji. Tangazo likija, afisa anatia alama kwenye ramani kwa wino wa zambarau, kisha anaandika namba ya tangazo pale konani. Namba zilikuwa kumi na moja. Alizifuata moja moja kwa kidole, akitafuta alama zake. Alama zilikuwa kumi.

Akahesabu upya. Kumi.

Akafungua kabati la matangazo ya zamani, akapiga chafya tatu za vumbi, akaipata karatasi ya namba isiyo na alama. Akapima mahali pake kwa bikari. Ncha ikatua juu ya njia ya ndani, katikati ya manyoya. Tangazo lilisema: fungu la mawe, kina mita sita.

Moyo ulimdunda, lakini kama wa mtu aliyemkamata mwizi mlangoni. Akachora njia ya nje, akairudia hesabu yake mara mbili, akangoja.

Nahodha alipanda chumba cha ramani na kikombe cha chai, nyuma yake serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, akitaka kujua saa ya kufungua kamba. Nahodha akaitazama ramani. Akakiweka kikombe chini.

"Nini hiki?"

"Njia, kapteni."

"Nina macho. Nilisema ya ndani. Wewe umetuzungusha kama watalii."

"Mama Rula anataka tupunge upepo," serahangi akachombeza.

"Ya ndani ina fungu," alisema Mama Rula.

"Binti, pale nimepita mara arobaini. Hilo fungu liko wapi? Nionyeshe."

"Limefutwa."

"Na nani?"

"Na raba."

Serahangi alicheka mpaka akashika mlango. Nahodha hakucheka. Mama Rula akamwekea tangazo mbele.

"Hizo mara arobaini mlibeba mbao. Meli ilikaa mita tano ndani ya maji. Leo tuna saruji. Nimesoma alama za ubavuni asubuhi: saba na sentimita ishirini."

"Tutapita maji yakijaa."

"Leo ni maji mafu, hayajai sana. Saa tutakayofika pale yatatuongezea sentimita themanini, basi. Sita na themanini, sisi tunataka saba na ishirini. Hesabu hiyo hata serahangi anaiweza."

"Mimi nimeingiaje hapo?"

Nahodha alimkazia macho Mama Rula. "Unajua barua yako naiandika mimi?"

"Najua. Lakini mpango huu una jina langu. Ukitaka ya ndani, kapteni, chora kwa mkono wako, na sahihi iwe yako peke yako."

Serahangi aliacha kucheka, akatazama viatu vyake.

Nahodha akavaa miwani, akainama konani. Namba ile ilikuwa na saba iliyokatwa kistari kiunoni. Melini humo saba za namna hiyo aliziandika mtu mmoja tu, na miaka tisa nyuma mtu huyo ndiye aliyekuwa afisa wa pili.

"Mwandiko wangu," alisema taratibu. "Alama niliitia mimi. Kiduara, na sita ndani yake. Tulikuwa wepesi, nikapitisha mstari juu yake makusudi." Akavua miwani. "Mwanzoni nilikuwa nakumbuka."

Akachukua kalamu, akatia sahihi chini ya njia ya nje, kisha akampigia simu wakala wa bandari waendako.

"Tutafika saa nne, si saa moja. Ndiyo, najua wanangoja. Wape viti." Akakata. "Serahangi, kamba saa nane. Na wewe, barua naandika leo hii. Nitawaambia una mdomo. Halafu nitawaambia wakuache hapahapa."

"Anza na la kubaki, kapteni. Mdomo uje mwisho."

"Unaona sasa?" nahodha alimwambia serahangi, lakini alikuwa anatabasamu.

Mama Rula alichora kiduara cha zambarau, akaandika sita ndani yake, akapuliza wino. Kisha akavuta ramani ya pili. Zilibaki kumi na nne droo nzima, na kila moja ilikuwa na mistari iliyosuguliwa.

Nahodha akatundika koti, akavuta kiti.

"Nisomee namba," alisema. "Nitatafuta alama."