Swali la Kumi na Moja

Mtaa mzima ulimwita Hashindwi, na jina lenyewe alijipa mwenyewe. Ulikuwa ukimpelekea pasi iliyoungua, kabla hujamaliza kueleza ameshakujibu, "Haishindikani." Feni iliyoanguka kutoka ghorofani: haishindikani. Mke wake alipofunga mizigo akaondoka, inasemekana alijibu hivyo hivyo, na mpaka leo bado analishughulikia suala hilo.

Ndiye aliyeufungia mtaa mtandao wao wenyewe wa intaneti. Alipanda mapaa akafunga antena kwenye mabomba, paa hili likamrushia jirani, jirani akamrushia mwenzake, mpaka nyumba mia tatu na kumi na mbili zikaungana. Nyumba zote hizo zilikuwa na anwani moja tu ya umma, yaani namba ambayo dunia huijua na kuitafuta, nayo ni ya kuazima kutoka kampuni fulani. Wakaitumia kama ndugu saba wenye suti moja: mwenye usaili leo ndiye anayeivaa. Hashindwi aliipanga zamu hiyo kwa ustadi hata hakuna aliyehisi kwamba anasubiri.

Isipokuwa dada yake. Yeye alikuwa mkunga wa zahanati ya hapo mtaani, na zahanati ilikuwa imepewa mashine ya kupiga picha za mtoto tumboni. Daktari bingwa wa hospitali kuu alitakiwa aingie kwenye mashine hiyo kwa njia ya mtandao akiwa huko huko mbali, aone picha mama angali amelala kitandani. Lakini hospitali haikukubali kupitia anwani inayochangiwa na mtaa mzima. Ilitaka mashine iwe na ya kwake peke yake. Walipewa miezi mitatu, la sivyo mashine ihamie zahanati nyingine.

Dada yake alimletea fomu kutoka ofisi inayogawa anwani.

"Jaza kwa adabu," alimwambia. "Hawa ukiwaonyesha shida, wanatoa."

"Mimi si ombaomba, dada."

"Nani kakwambia uombe? Nimekwambia ujaze."

Akajaza. Idadi ya nyumba, aina ya vifaa, mchoro wa mapaa wenye rangi tatu. Swali la kumi na moja likamsimamisha: *Eleza huduma mnayoshindwa kutoa kwa kukosa anwani.* Alianza kuandika neno zahanati, akafika katikati, akalikata. Miaka ishirini ya ufundi hajawahi kumwandikia mtu kwamba kuna kitu kimemshinda, tena kwa wino. Akaandika kwa mwandiko wa kutulia: *Hakuna. Kwa utaalamu wetu, anwani moja inatosheleza nyumba 312 bila malalamiko.*

Wiki ya tisa akaitwa. Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni, na mchoro wa Hashindwi umetandazwa mezani kama kitambaa cha wageni.

"Umefanya haya wewe mwenyewe?"

"Mimi, mama."

"Nimewaonyesha ofisi nzima. Kuna kampuni zina anwani elfu nne na kila wiki ziko hapa zinalia. Wewe unayo moja, tena ya kuazima, na hulii."

"Ni kupanga tu, mama," alisema Hashindwi, kifua kimeshaanza kujaa.

"Ndiyo maana nimeandika hapa: mwombaji hana uhitaji. Zimebaki chache, mwanangu. Tunawapa walioshindwa."

Hashindwi akamweleza habari za zahanati, haraka haraka, maneno yakigongana. Mama akavaa miwani, akapekua kurasa zote.

"Mbona humu haimo?"

Hashindwi akachomoa kalamu. "Naweza kuiongeza sasa hivi?"

"Ombi lililokataliwa linarudi baada ya miezi sita." Akaukunja mchoro taratibu. "Huu naomba nibaki nao. Nataka niubandike ukutani, wengine wajifunze."

Hashindwi akamwachia.

Dada yake alikuwa anakunja mashuka alipomsimulia. Hakupandisha sauti.

"Bila malalamiko," alisema. "Na mimi niliyekulalamikia mwaka mzima, ulikuwa unanihesabu wapi?"

Siku ya mwisho ya ile miezi mitatu walikuja wanaume wawili na gari la hospitali. Kwenye benchi alikuwapo mama mwenye mimba ya mapacha, amekuja apigwe picha, akaambiwa asubiri kwanza. Mashine ilikuwa imefungwa sakafuni kwa nati nne, kazi ya Hashindwi, ili wezi wasiibebe. Tatu zilitoka. Ya nne wakahangaika nayo saa nzima, wakaigonga, wakaitukana, wakakaa chini.

"Imeshindikana," mmoja akasema huku akijifuta jasho. "Tuiache. Mwezi ujao tutarudi na watu wa kukata chuma."

Yule mama akajisogeza kwenye benchi. Dada akamtazama Hashindwi pale mlangoni, jicho moja tu, jicho la kumwambia mtu kaa hapo hapo ulipo.

Hashindwi akabaki pale pale. Akatazama dari. Akatazama nati. Yule mwanaume akairudia kwa mara ya mwisho, akiikaza kila alipodhani anaifungua, na Hashindwi akahisi viganja vinamwasha.

"Si hivyo," alisema. "Hiyo niliifunga kinyume. Lete spana."

Ilitoka kwa mizunguko minne.