Wadudu wa Chini ya Banio

Kirua Vunjo nzima ilikijua kichaa cha mwalimu Gladys: kila Jumamosi anavua viatu, anakaza kitenge, anaingia kijitoni kugeuza mawe. Walimcheka, na wacha wacheke. Chini ya mawe yale aliishi mdudu mwenye mikia mitatu, na mwingine anayejijengea kijumba cha mchanga. Hao ndio chakula cha trauti, samaki walioletwa mlimani enzi za Wazungu. Kwa miaka minane trauti hawakuonekana. Mwaka huu walirudi, kumi na mmoja, na Gladys aliwapenda mpaka mumewe akaona wivu.

Jumamosi hii jiwe la kwanza lilikuwa tupu. La pili, tupu. La tatu lilikuwa na wadudu, lakini wamelegea, miguu juu. Akapanda na kijito mbiombio, akiteleza, mpaka karibu na banio, pale maji yanapogawanywa kuingia mfongo, ule mfereji wa kumwagilia migomba na kahawa.

Hatua chache chini ya banio alichutama Mzee Aminieli, baba mkwe wake na mwenyekiti wa mfongo. Alikuwa anasuuza bomba la kupulizia kahawa dawa. Maji yalikuwa meupe kama maziwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Jesse. Mbona unahema?"

"Baba, hiyo dawa inaua wadudu."

Mzee alimtazama kwa huruma. "Si ndiyo kazi yake?"

Mkamwana hampandishii baba mkwe sauti. "Tungechimba shimo shambani, baba, tusuuzie huko."

"Shimo shambani? Si ng'ombe watakunywa humo humo? Na mfongo ni wa babu zetu, siuchafui. Ndiyo maana nikashuka huku chini. Haya maji hayana mwenyewe."

Trauti mmoja alipita akielea ubavu. Gladys alimdaka kwa mikono miwili, akamsimamisha majini, samaki akalala tena ubavu. Alitaka kulia, na hakuwa na pa kulilia.

"Nimekuelewa, mwanangu," mzee akasema kwa upole, maana alimpenda kweli. "Unaogopa watu watachafua maji. Jumatatu kwenye kikao natangaza: kaya zote arobaini zioshee mabomba hapa hapa niliposimama. Atakayevuka kwenda juu ya banio, faini ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi."

"Asante, baba," Gladys akasema.