Glasi ya Wageni

Kitinda alirudi kutoka chuoni na kazi ya kufanyia nyumbani kweli kweli. Mhadhiri wa sosholojia, kijana mwenye maneno mengi na koti la kumbana, aliwasomea wanafunzi wa mwaka wa kwanza zoezi lililokuwa kitabuni: ishi kwenu wiki nzima kama mgeni, usimwambie mtu, uone kanuni ambazo watu huzifuata bila hata kujua kwamba zipo. Kitabu kiliahidi kuwa jamaa watashangaa, watakasirika kidogo, kisha yote yataishia kwa kicheko.

"Hicho kicheko ndicho nisichokiamini," mhadhiri alisema. "Walioandika walitazama nyumba za kwao, wakatuambia hivi ndivyo binadamu alivyo. Sisi hatukuulizwa. Nendeni mkatazame kwenu, mniletee mtakachokiona, hata kama kitabu kitaumbuka."

Kitinda alitoka darasani kichwa kimemvimba. Yeye, wa juzi tu, akiumbue kitabu! Hakujiuliza nani ataumia kitabu kikiumbuka. Mhadhiri naye, pamoja na maneno yake yote, hakujiuliza.

Nyumbani walibaki wawili, yeye na mama yake, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni kati ya mapazia na sare za shule za watu. Kaka zake wawili walikuwa wameondoka, mmoja baada ya mwingine, kwenda nchi za mbali. Simu zao zikawa za nadra, kisha kimya. Katika chumba cha watoto vitanda vyao vilikuwa bado vimetandikwa, na mama alibadilisha mashuka yao kila wiki kama wenyewe wanarudi jioni. Kitinda, kitindamimba, alilala cha tatu, karibu na dirisha.

Jioni ile alipiga hodi mlangoni kwao. Cherehani ikanyamaza. Akauliza kama anaweza kuingia. Mama akacheka, akamwambia aache uchizi, aje amshikie pindo la pazia. Kitinda akaketi ukingoni mwa kochi, magoti pamoja, akaomba maji badala ya kwenda kujimiminia jikoni. Alipoletewa alishukuru kwa unyenyekevu, kisha akasifia usafi wa nyumba.

Kesho yake mama hakucheka tena. Hakukasirika pia, na hapo Kitinda alifurahi kimoyomoyo, maana kitabu kilikuwa kimeanza kuyumba. Maji yakaanza kuletwa katika glasi ya wageni, ile ya maua inayokaa kabatini. Alipoomba ruhusa ya kufungua dirisha, mama alimjibu kwa sauti ya chini, kama anaongea na mgonjwa: "Fungua tu, mwanangu."

Halafu mama akaacha kumgombeza. Mama huyu, ambaye kijiko kikiwekwa vibaya nyumba nzima hukaa roho juu, sasa alipita kando ya viatu vilivyotupwa njiani bila neno. Akaacha kumtuma. Akawa anamtazama mabegani na kiunoni, kwa jicho lile la kumpima mteja, na kila Kitinda alipoingia sebuleni kitambaa cha buluu kilifichwa haraka chini ya sare. Mara mbili Kitinda alifungua kinywa aseme ukweli, mara mbili akajikaza, maana wiki ilikuwa inakaribia kuisha na alitaka kazi iliyokamilika. Tamaa ya kusifiwa ni kitu kibaya.

Siku ya mwisho alirudi mbio, amejiandaa kuungama na kucheka. Uani alikuta vitanda vitatu vimefunguliwa, vimeegemezwa ukutani. Sebuleni, juu ya kochi, nguo zake zote zilikuwa zimekunjwa, na juu yake gauni jipya la buluu. Mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi alimsalimu kwa heshima, akaingia chumba cha watoto na ndoo yake, akafunga mlango.

"Mpangaji," mama akasema, macho yakiwa kwenye sindano. "Ameingia leo."

Kitinda akamwaga yote: zoezi, kitabu, mhadhiri, kicheko kilichoahidiwa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mguu ukiwa umetulia juu ya kanyagio.

"Kaka yako mkubwa alianza hivyo hivyo," akasema. "Akaanza kupiga hodi. Akaanza kunishukuru kwa chai. Nikamuuliza, akasema, mama, ni adabu tu. Na wa pili vilevile."

"Mama, mimi siondoki."

"Hata wao walisema hawaondoki. Vitanda vyao nimevitandika miaka yote. Cha tatu siwezi, mwanangu. Sina nguvu hizo."

Mama akainuka, akafungua kabati, akamletea maji katika glasi ya maua. Kitinda akagundua ameketi ukingoni mwa kochi, magoti pamoja. Alitaka kupiga kelele kwamba hapa ni kwao. Nyuma ya mlango uliofungwa, mtu asiyemjua alikuwa akisogeza kitu kizito karibu na dirisha.

"Samahani, mama," akasema, na safari hii halikuwa zoezi. "Nitalala wapi leo?"

"Usiwe na wasiwasi, utalala hapo kwenye kochi," mama akajibu kwa upole. "Safari ni lini?"