Mikono ya Elodie

Mwalimu Lwamba, katika kijiji kimoja cha Kabambare, alijiona mjanja. Watoto wazito wa kusoma aliwatuma kulima shamba lake la muhogo, akabaki darasani na wepesi. "Kwa nini nipoteze chaki?" alizoea kusema.

Asubuhi moja mama Rachelle, ambaye hakuwahi kukanyaga shule, alikuja na kuku, akimshika mkono binti yake, Elodie.

"Mwalimu, aksanti sana. Mutoto wangu anasoma kwa nguvu! Ona mikono yake, imetoka malengelenge kwa kushika kalamu."

Lwamba alitamani ardhi immeze. Elodie alimtazama usoni, akingoja aseme ukweli.

Mwalimu akanyoosha mikono yake laini, akapokea kuku.